Gari ya mazao inaposaga breki

Wasomaji wangu, leo naomba tuweke kando mbolea na viwavi, tuzungumze breki. Najua wapo watakaouliza: bwana shamba na breki wapi na wapi? Mazao yenu hayaendi soko la Chake kwa miguu. Yanaenda kwa gari, na nyingi ya gari hizo ni Suzuki Carry, zile ambazo wenzetu wa bara wanaziita kirikuu, zilizokwishatumika Japani kabla hazijaletwa kwetu. Mimi naishi Gombani na kazi yangu ni kuzunguka vijijini, leo Vitongoji, kesho Ole, keshokutwa Pujini. Gari hizi huwa nazisikia kabla sijaziona. Inashuka mlima, tairi moja linasaga kama mtu anayekwangua ukoko wa wali kwa kijiko cha chuma, na dereva ameongeza sauti ya redio.

Pemba si tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja. Hapa ni kilima na bonde, kilima na bonde, na barabara za ndani nyingi ni udongo mwekundu. Gari ya hapa inakanyagwa breki mara nyingi zaidi kuliko gari ya mahali pa bapa, na inakanyagwa ikiwa na mzigo.

Msimu mmoja wa karafuu, jirani yangu mwenye Carry alikuwa hapumziki. Asubuhi wachumaji, jioni karafuu, katikati chochote kinacholipa. Siku moja kikundi cha akina mama ninaowahudumia kilikuwa na tungule na mabilingani ya kupeleka sokoni, nami ndiye niliyewatafutia gari. Alipoingia nikalisikia tairi la mbele kulia. Haukuwa ule mlio mwembamba wa kuonya. Ilikuwa sauti nzito ya chuma kwa chuma, na akikanyaga breki ndiyo inazidi. Nikamuuliza imeanza lini.

"Siku nne, tano hivi. Lakini inashika, bwana shamba. Nimalize msimu kwanza, zimebaki safari chache tu."

Neno "inashika" ndilo linalowaponza watu. Ni kweli inashika. Chuma kikibana chuma gari husimama, kama barabara ni bapa na mzigo ni mdogo. Mambo hubadilika kwenye mteremko. Chuma kwa chuma hakibani sawasawa, kinateleza na kupata moto mkali, na moto huo unapita moja kwa moja mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na sisi tunaishi kisiwani. Yakishakunywa maji ya kutosha, kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka mpaka nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini, gari haina habari. Tena pedi ikishaliwa yote, pistoni inayoisukuma hulazimika kutoka nje kupita kipimo chake, na mafuta yanaweza kumwagika hapo hapo.

Akina mama sita walikuwa wapande juu ya matenga. Nikasema mzigo haupandi na mtu hapandi. Bi mkubwa mmoja akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, tungule hizi tuzile sisi?" Gari nyingine ilipatikana alasiri, na zile zilizokuwa zimeiva sana ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Hasara ilikuwa ya kweli, na iliwaangukia watu wasio na kosa. Jirani naye alikosa nauli ya siku ile, na kwa siku mbili alipita mbele ya nyumba yangu bila kupiga honi. Siku ya tatu akaja mwenyewe, jeki mkononi.

Kabla hatujagusa nati hata moja, tulianza na maswali. Mkulima akiniambia muhogo wake unaumwa, siendi na bomba la dawa. Namuuliza: umeanza lini, shamba zima au upande mmoja, mbegu ulitoa wapi? Breki ni hivyo hivyo. Swali la kwanza: inasaga ukikanyaga, au inasaga muda wote?

Ikiwa inasaga asubuhi tu baada ya mvua ya usiku au baada ya kuosha gari, na ukishakanyaga breki mara tano, sita inanyamaza, hiyo ni kutu nyepesi juu ya diski. Inajisafisha yenyewe, usitumie pesa yako. Ikiwa inakwaruza muda wote hata hujakanyaga, na imeanza ghafla baada ya kupita njia ya kokoto, tafuta kijiwe kilichonasa kati ya diski na lile bati la kuzuia vumbi nyuma yake. Mara nyingine ukirudi nyuma taratibu huku unakata usukani kinadondoka chenyewe. Kisipodondoka, vua tairi, livute bati kidogo kwa bisibisi, kitatoka. Nimeona mtu akinunua pedi mpya kwa sababu ya kijiwe kidogo kama punje ya choroko.

Ikiwa ni mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na unabadilika ukikata kona, wala haujali umekanyaga breki au hukukanyaga, basi shuku beringi ya gurudumu. Inua tairi, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, hiyo si kazi ya uwanjani kwako, mwite fundi.

Mlio mwembamba, mkali, kama mluzi, unaokuja na kuondoka, mara nyingi ni ulimi mdogo wa chuma uliowekwa kwenye pedi makusudi. Pedi ikibakia milimita mbili au tatu hivi, ulimi huo unagusa diski na kupiga kelele. Hapo una muda wa kwenda dukani. Si pedi zote zina ulimi huo, kwa hiyo kimya si ushahidi wa uzima. Na ikiwa ni mkwaruzo mzito unaokuja ukikanyaga tu, na unausikia mpaka kwenye unyayo, muda umekwisha. Gari isimame hapo ilipo mpaka ifunguliwe.

Mbele au nyuma? Carry ina diski mbele na dramu nyuma, na breki ya mkono inafanya kazi kwenye dramu za nyuma. Tafuta mahali bapa pasipo watoto, nenda mwendo wa mtu kutembea, kisha vuta breki ya mkono kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake. Sauti ikija, tatizo liko nyuma. Gari ya jirani yangu ilinyamaza kwa breki ya mkono na ikasaga kwa pedali. Mbele, basi.

Kuna kipimo kingine cha bure ambacho watu wanakipita: kikopo cha mafuta ya breki. Pedi zikiliwa, mafuta hushuka kwenye kikopo, na taa nyekundu kwenye dashibodi inaweza kuwaka ukiwa kwenye mteremko. Wengi wakiona hivyo wanaongeza mafuta, taa inazima, wanafurahi. Gari ilikuwa inawaambia jambo na wao wameiziba mdomo. Mafuta yakipungua angalia pedi kwanza, halafu angalia kama kuna kuvuja.

Jirani yangu alikuwa na hoja moja nzuri. "Mbona nimechungulia kwenye ringi, pedi naiona bado nene?" Aliona kweli. Aliyoiona ni pedi ya nje. Wakulima wa muhogo watanielewa upesi hapa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuacha majani yakaonekana ya kuridhisha, ukang'oa ukakuta mzizi umeoza ndani. Breki ina pedi mbili, ya nje na ya ndani, na ya ndani ndiyo inayoliwa kwanza pini za kalipa zikiganda. Kalipa ni kile chuma kinachozikumbatia pedi mbili. Hukaa juu ya pini zinazoteleza, ili pistoni ikisukuma pedi ya ndani, ya nje nayo ivutwe. Pini zikiota kutu pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo usihukumu kwa kuchungulia.

Sasa kufungua. Gari iwe mahali bapa na pagumu. Udongo wetu mwekundu baada ya mvua unameza jeki, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake. Breki ya mkono juu, gia ya kwanza, mawe mazito mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Legeza nati robo mzunguko tairi likiwa bado chini, ndipo uinue. Ukishainua usiamini jeki peke yake. Weka stendi, au kigogo kinene cha mti mgumu chini ya fremu, na lile tairi ulilolivua lilaze chini ya ubavu wa gari. Tofali la mchanga halifai, linapasuka bila kuaga. Na usiingie chini ya gari. Kazi hii yote inafanyika ukiwa umekaa pembeni.

Vumbi jeusi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Japani iliacha kuruhusu asbesto kwenye pedi mwaka 2004, lakini huwezi kujua pedi iliyofungwa baadaye ilitoka wapi, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitupwe. Watoto wakae mbali. Najua kwetu gari ikifunguliwa ni sinema ya mtaa mzima.

Tulichokikuta: pedi ya nje kulia milimita tano, ya ndani imebaki bamba la chuma tupu. Pini ya chini imeganda kwa kutu, hata spana ilipoifungua ilitoka kwa taabu. Diski upande wa ndani ina mifereji ya kuingia ukucha. Upande wa kushoto pedi zote mbili bado zina maisha.

Hapo tukagawa kazi, na mgawanyo huu ndio ninaowashauri. Pedi na pini ni kazi ya nyumbani kwa mtu mwenye subira. Diski yenye mifereji lazima ipimwe. Pembeni mwake au katikati mara nyingi pameandikwa MIN TH na namba ya milimita. Hicho ndicho kipimo cha chini kabisa, na diski iliyofika chini yake haikerezwi, inatupwa. Fundi aliipima, ilikuwa imeshapita. Diski na pedi zikaagizwa Unguja, zikaja na boti siku ya tatu. Siku tatu za msimu wa karafuu ni nyingi, sikumwambia vinginevyo. Wakati tunasubiri akaja mtu na ushauri wake: diski ile ile irudishwe, pedi ipakwe grisi kidogo ili inyamaze. Jamani. Breki inayonyamazishwa kwa grisi imenyamaza kwa sababu haibani tena. Mwenye ushauri huo mpe chai aende zake.

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado mzima, vinginevyo gari itavuta upande mmoja ukikanyaga ghafla. Diski nazo ni vivyo hivyo. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili uuache umefungwa, ili ukisahau kitu kinakaaje uende ukaangalie.

Kalipa ukiifungua bolti ya chini, kwa gari nyingi inainuka juu kama kifuniko. Ukiitoa kabisa, kama ilivyobidi sisi kwa ajili ya diski, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake, mpira ukipasuka ndani hutaona kwa macho. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni lazima irudishwe ndani. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta, zungushia kitambaa kwa sababu mafuta yatapanda na yakimwagika hula rangi ya gari. Kisha weka pedi ya zamani juu ya pistoni na uisukume kwa klampu polepole. Ikirudi kwa ulaini, vizuri. Ikigoma, au ukiona mpira wake umechanika au pamelowa mafuta, funga kazi hapo. Kalipa hiyo inahitaji fundi, na baada yake breki itolewe upepo.

Pini tulizisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa, tukazifuta, tukazipaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira yake, na baada ya miezi michache pini inaganda tena. Sehemu ambazo masikio ya pedi hukaa nazo tulizisugua kwa brashi ya waya, maana kutu ya hapo inaizuia pedi isirudi. Pedi yenyewe usiishike usoni kwa mikono yenye mafuta. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa sabuni na maji uikaushe.

Mafuta ya breki tumia yale yaliyoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa isiyofunguliwa. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana imeshakunywa hewa ya bahari. Na kamwe usiweke mafuta ya injini wala hidroliki nyingine, hata kidogo. Mipira yote ya breki itavimba na gharama yake itakuwa mara kadhaa ya chupa uliyookoa.

Dramu za nyuma tulizifungua pia kwa sababu gari ilikuwa juu tayari. Zilijaa matope makavu, bitana bado nzima. Tukazisafisha, basi. Mwenye Carry inayopita mabondeni wakati wa masika azifungue msimu ukiisha. Na wale mnaoshuka dikoni kuchukua samaki au kuteka mchanga, gari ikishapoa mwagieni maji baridi matairi yote manne kwa ndani jioni ile ile. Maji ya chumvi ndiyo yanayogandisha pini, na nadhani ndiyo yaliyoigandisha ya jirani yangu, maana kabla ya msimu alikuwa akibeba samaki.

Jambo la mzigo nalisema kila mara na nitalisema tena. Lori dogo kama Carry, la daraja lile ambalo Japani inaliwekea ukomo wa injini sisi 660, limeruhusiwa kubeba kilo 350. Piga hesabu magunia saba ya kilo 50, hayo yametosha, bado hujapakia mtu. Mkiona imebeba kumi na mbili na watu juu, msishangae pedi zikiisha kabla ya wakati. Kwenye mteremko weka gia ndogo tangu juu, injini iizuie gari, na breki iguswe kwa vipindi badala ya kuilalia njia nzima.

Tulipomaliza, nati zilikazwa kwa kuruka, ya huku kisha ya mkabala wake, na zikamalizwa kukazwa tairi likiwa chini. Halafu kabla gari haijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara nyingi mpaka iwe ngumu. Baada ya kurudisha pistoni, mkanyago wa kwanza na wa pili huwa mtupu kabisa, na kuna watu wamejua hilo wakiwa wameshaanza kuteremka. Pima mafuta tena kwenye kikopo. Kisha nenda barabara bapa, fika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu mpaka 10 bila kusimama, rudia mara kama kumi, mkipumzisha breki katikati. Harufu kidogo ya kuungua siku hiyo ni kawaida. Baada ya kilomita 50 mpaka 100 kaza nati upya.

Jirani alibeba tungule za wale akina mama wiki iliyofuata, kwa nusu nauli, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akina mama walipanda daladala, nao mzigo ukatangulia.

Mwenye swali kuhusu gari yake aniandikie sauti inakuja wakati gani, imeanza lini na gari inabeba nini. Wiki ijayo narudi kwenye mpunga, tutazungumza kupandikiza mapema mabondeni.